Adriani Atiman, Tabibu wa Karema



Likizo iliyopita tulipita Makambako kumsalimia mwenzetu mmoja tuliyeanza naye malezi. Siku hizi anauza mbao karibu na njia panda ya kwenda Njombe. Aliondoka seminarini mwaka jana, baada ya kusali sana na kushauriana na walezi wake, wala hakuwa na kosa lolote. Lakini kila Jumapili baada ya Misa akina mama wa jumuiya humpa pole kana kwamba amefiwa, na wapo wazee wanaomtazama kama mtu aliyemkimbia Mungu. Tulipopanda basi kurudi Njombe hatukuzungumza sana. Ndiyo maana safari hii tumechagua kusimulia maisha ya Adriani Atiman, ambaye hakuwa padre.

Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto, Watuareg walimteka na kumuuza. Akavushwa jangwa la Sahara pamoja na watumwa wengine. Huko Algeria wamisionari walimkomboa kwa fedha. Hao walikuwa wana wa Askofu Mkuu Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao mwaka 1868, wale ambao babu zetu waliwaita Mapadre Weupe. Wakamsomesha, naye akabatizwa kwa jina la Adriani.

Lavigerie alikuwa na wazo ambalo wakati ule lilionekana geni. Alitaka vijana Waafrika waliokombolewa wasomee utabibu, kisha warudi Afrika kuwa waganga na makatekista, waishi katikati ya watu, waoe na kulea familia. Atiman alikuwa miongoni mwa waliopelekwa kusoma katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1888 akatumwa Tanganyika, nchi asiyoijua, yenye lugha asizozijua. Kwao ni magharibi ya bara, nako alikotumwa ni mashariki.

Tunaomba msomaji atulie kidogo hapa. Mtoto yule alikuwa amekwisha kutembea safari ndefu ya kulazimishwa, na alipochoka hakuwa na ruhusa ya kusimama. Sasa, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee, anatembea tena safari ya miezi, kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, katika njia zilezile ambazo misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilikuwa ikizipita kuelekea baharini. Naye anaambiwa na wakubwa wake aende wapi, afanye kazi gani. Kwa mtu wa nje, safari hizi mbili zaweza kufanana: mara zote mbili wengine wamempangia. Darasani tumekuwa tukisoma habari za utashi na uhuru wa mtu, na tunakiri kwamba vitabu havikutusaidia kuzitofautisha vizuri kama maisha haya. Mtumwa husukumwa tu, hana anachoweza kumpa bwana wake kwa hiari. Atiman aliyefika Karema mwaka 1889 alikuwa na taaluma mkononi na angeweza kushika njia nyingine. Kati ya vijana waliosomeshwa katika mpango ule, si wote waliodumu katika utume. Yeye alidumu miaka sitini na saba.

Karema iko ukingoni mwa ziwa, leo katika mkoa wa Katavi. Boma lake lilijengwa na Wabelgiji, nao wakawaachia wamisionari mwaka 1885. Biashara ya watumwa ilikuwa bado haijakoma kandokando ya ziwa, na wengi waliokimbilia misheni walikuwa wametoka kwenye minyororo. Bila shaka aliwaelewa kuliko padre yeyote wa Ulaya. Aliwatibu na kuwafundisha katekisimu. Alioa binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende, Agnes Wansahira. Mtoto wao Yosefu ndiye aliyekuja kupewa daraja ya upadre. Basi baba aliyetumwa kuwa mume na tabibu ndiye aliyelipa Kanisa padre, na wala hatudhani kwamba hilo ndilo lililoifanya ndoa yake kuwa na thamani.

Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakashika nchi, nao wamisionari wengi aliowapokea akiwa kijana wakazikwa, yeye bado akitibu. Alipewa nishani na Kanisa, na serikali nayo ikamtambua. Uzeeni aliandika habari za maisha yake, zikachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwao Tundurma hakurudi kuishi. Alifariki Karema mwaka 1956, akikaribia miaka tisini, katika misheni ileile aliyoagizwa kwenda akiwa kijana.

Tulipomaliza kuandika tulimpigia simu mwenzetu wa Makambako tukamsimulia. Alisikiliza kimya, kisha akauliza kama huko Karema kunafikika kwa basi. Tukahesabu naye: Makambako hadi Mbeya, halafu Tunduma (jina ambalo, kwa bahati tu, linakaribiana na la kijiji alikozaliwa Atiman), kisha Sumbawanga, Mpanda, na kutoka hapo kushuka hadi ziwani. Ni siku mbili barabarani, pengine zaidi kipindi cha mvua. Amesema mbao zikitoka vizuri kabla ya kiangazi kwisha, atakwenda kulitafuta kaburi lake.