Stefano Kaoze, Mtu Asiyerudi Nyuma

Wapendwa wakatekumeni wa Masisi na Walikale, sikilizeni habari za Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kupewa upadri katika nyakati zetu hizi.

Alizaliwa yapata mwaka 1886, upande wa ziwa Tanganyika. Mwaka 1899 alibatizwa, akaingia seminari ya Mapadri Weupe huko Mpala. Masomo yalikuwa mazito: Kilatini, Kifaransa, falsafa, teolojia. Wala hapakuwa na ndugu wa nchi yake aliyetangulia kumwonyesha kwamba njia ile ina mwisho. Hata hivyo hakurudi nyuma. Angali mseminari, mwaka 1910, maandiko yake juu ya mawazo ya Wabantu yalianza kupigwa chapa Ubelgiji. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, Askofu Victor Roelens akampa upadri. Alifariki mwaka 1951.

Hesabuni: tangu ubatizo hata upadri, miaka 18! Aliimaliza siku kwa siku, somo kwa somo. Nanyi mkichoshwa na mafundisho marefu na milima ya njiani, jifunzeni somo la leo. La kesho litakuja na siku yake.