Albert Cook, Mganga wa Mengo

Zamani, kabla reli ya kutoka Mombasa haijafika Ziwa Viktoria, mtu aliyetaka kwenda Buganda alikwenda kwa miguu, na safari ilichukua miezi. Mwaka 1896 msafara wa wamisionari uliondoka pwani kufuata njia hiyo. Mmoja wao alikuwa mganga kijana, umri wake miaka 26, jina lake Albert Cook.

Cook alizaliwa mjini London mwaka 1870. Alisoma katika chuo cha Cambridge, kisha akajifunza uganga katika hospitali ya St Bartholomew's, iliyo kongwe na yenye sifa. Angeweza kukaa kwao na kutibu matajiri, lakini alichagua nchi ambayo hata kitanda kimoja cha hospitali hakikuwamo.

Msafara ulifika Mengo, mji wa Kabaka, mwezi wa Februari 1897. Wagonjwa walikuja mara, maana habari zilitangulia. Mwaka ule ule hospitali ikaanzishwa juu ya kilima cha Namirembe, kwa matete na manyasi. Mwuguzi wake alikuwa Katharine Timpson, aliyesafiri katika msafara ule ule. Mwaka 1900 wakaoana. Ndugu yake Albert, Jack, naye mganga, alikwisha kufika mwaka 1899 kumsaidia.

Tangu mwanzo Cook alikuwa na desturi mbili. Ya kwanza ni kuuliza. Alijifunza Kiganda kwa bidii, kwa sababu aliona kwamba mgonjwa anayesemewa na mkalimani husema nusu tu ya maumivu yake. Baadaye alitunga kitabu cha maneno ya uganga kwa Kiganda, ili waganga wengine nao wapate kuuliza vema. Desturi ya pili ni kuandika. Mgonjwa alipolazwa, habari zake ziliandikwa: jina lake, ugonjwa wake, dawa aliyopewa, na mwisho wake, kwamba alipona au alikufa. Kazi hiyo haikumpendeza kila mtu. Wagonjwa walikuwa wengi, waganga wachache, na aandikaye kwa taa usiku hupunguza usingizi wake mwenyewe.

Mwaka 1901 walikuja wagonjwa wa namna ambayo Albert na Jack hawajaiona katika nchi ile. Walikuwa na homa na maumivu ya kichwa, wakakonda, kisha wakasinzia mchana, hata chakula kikiwa bado kinywani. Mwisho walilala wasiamke tena. Yalikuwa malale. Ndugu wale wawili walitazama damu yao kwa darubini, wakaona vijinyoo vidogo. Lakini sivyo vilivyokuwa vikiwaua watu. Dawa hawakuwa nayo. Waliloweza kufanya ni kuwatunza wagonjwa, kuandika yote waliyoyaona, na kupeleka habari ili waganga wengine waje kutafuta.

Waganga wakaja. Mpaka mwaka 1903 Castellani, mtu wa Italia, alikuwa amekwisha kuona vijidudu vya malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na David Bruce akaonyesha ya kuwa vinachukuliwa na mbung'o. Watoto wa Biharamulo wanamjua mbung'o wa porini. Yule wa Buganda alikuwa wa jamaa yake, akaaye katika vichaka vya kando ya maji. Kwa hiyo serikali iliwahamisha watu wa visiwani na wa kando ya ziwa. Hata hivyo watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekwisha kufa.

Katika siku hizo za msiba, mwezi wa Novemba 1902, radi ilipiga hospitali ya Mengo, na manyasi yakawaka. Kazi ya miaka mitano ikawa majivu. Cook hakurudi kwao. Alianza tena, safari hii kwa matofali, na mwaka 1904 hospitali mpya ikafunguliwa.

Alijua pia ya kuwa mganga mmoja hatoshi nchi nzima, tena atakufa. Mwaka 1917 alianza kuwafundisha vijana wa Kiafrika kazi ya uganga. Bibi Katharine naye alisimamia mafundisho ya wakunga, na wasichana waliohitimu walipelekwa vijijini, wakaokoa akina mama na watoto wengi. Mwaka 1932 mfalme wa Uingereza alimpa Cook heshima ya kuitwa Sir. Bibi Katharine alifariki mwaka 1938, na Sir Albert mwaka 1951. Alizikwa Namirembe, karibu na hospitali yake.

Lakini kazi yake haikuzikwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mganga wa upasuaji mjini Kampala, alieleza habari za uvimbe mkali unaoshika taya za watoto. Watu wakauliza kama ugonjwa huo ni mpya. Vitabu vya Mengo vilipofunguliwa, wakaonekana humo watoto wenye uvimbe kama ule, walioandikwa na Cook tangu miaka ile ya kwanza. Mwaka 1964 wataalamu walitoa hesabu ya ugonjwa wa kansa katika Buganda, kuanzia 1897 mpaka 1956, wakitumia maandishi ya hospitali hiyo.

Watoto wale Cook hakuweza kuwaponya, kama vile hakuweza kuwaponya wagonjwa wa malale wa mwaka 1901. Lakini hakuwaacha wapotee bila habari zao kujulikana. Kwa kuwa aliwauliza na kuandika alichokiona, hata pale aliposhindwa, waliokuja nyuma yake walipata mahali pa kuanzia.