Askofu Weston na Ndugu Zake wa Kikuyu

Jina la Askofu Frank Weston wa Zanzibar mmelisikia. Alifika Unguja mwaka 1898 akiwa padre kijana, akawa Askofu mwaka 1908, na wakati wa Vita Kuu aliongoza kikosi cha wapagazi. Mtu shujaa, mwenye sala nyingi. Lakini liko jambo ambalo sisi tunaomsifu hulipita mbio.

Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu kutafuta umoja. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakapokea. Weston hakuwapo. Aliposikia, aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwamba ni wazushi na wafarakanishaji. Si neno dogo hilo kumtupia ndugu! Najua aliitetea imani kwa moyo safi. Lakini hata moyo safi huumiza. Magazeti ya Uingereza yaliivumisha ile habari. Jibu lilitoka mwaka 1915: hawakuhukumiwa kuwa wazushi, ila walishauriwa wasirudie ibada ya namna ile.

Mwaka 1918 Weston alikwenda Kikuyu mwenyewe, akaketi na wale wale, akaleta mpango wake wa umoja. Haukukubaliwa, lakini walizungumza uso kwa uso. Mwaka 1920, huko Lambeth, aliunga mkono Wito wa Maaskofu kwa Wakristo wote.

Peel hakuyaona hayo. Alikuwa amefariki mwaka 1916.

Mwalimu Mstaafu