BUDHA NA MBAVU ZAKE

Sisi wa Kisegi tumezoea vinyago vya mawe kutoka kwa jirani zetu wa Tabaka: viboko, ndovu, mama na mtoto. Vyote vinono! Lakini huko Detroit, Marekani, katika jumba la makumbusho, imo sanamu ya mbao iliyochongwa nchini China yapata miaka 700 iliyopita. Ni ya mtu aliyekonda ajabu, mbavu nje, amezama katika tafakuri. Huyo ni Siddhartha Gautama, yaani Budha, na ukondefu ule aliutafuta mwenyewe.

Alizaliwa Lumbini, katika nchi ya Nepali ya leo, zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo. Baba yake, Suddhodana, alikuwa mtawala wa Wasakya. Mama yake, Maya, alifariki mtoto akiwa na siku saba tu, akalelewa na mama yake mdogo, Mahapajapati. Masimulizi yasema alikulia katika raha tupu, mpaka alipomwona mzee, mgonjwa na maiti. Basi raha ikamtoka.

Akiwa na miaka 29 alitoka usiku, akamwacha mkewe Yasodhara na mtoto mchanga, Rahula, wamelala fofofo. Hapo mimi humlaumu kidogo.

Alijaribu walimu wawili, hawakumkidhi. Ndipo akaingia msituni Uruvela pamoja na wenzake watano, akaanza kuutesa mwili kwa njaa. Wakati mwingine, ati, alikula punje moja ya mchele kwa siku! Alipogusa tumbo alishika uti wa mgongo. Alipojisugua, nywele zilidondoka. Miaka sita ikapita hivyo. Alibakisha pumzi tu, na ule ukweli alioufuata hakuuona.

Kumbe wokovu ulikuwa katika kumbukumbu ndogo. Alikumbuka siku moja utotoni, baba akiwa shambani, yeye amekaa kivulini chini ya mti wa jamii ya mzambarau, moyo umetulia tuli, bila njaa wala maumivu. Akajiuliza kwa nini aiogope furaha ile. Msichana Sujata akamletea wali wa maziwa, akala. Wenzake watano walikasirika, wakamwona mlafi, wakamtoroka.

Akaketi peke yake chini ya mti, ndugu wa mkuyu wetu, na hapo akazinduka. (Mti wa aina hiyo umepandwa pia Upanga, Dar es Salaam, katika hekalu la Wabudha lililojengwa na Wasinhala.) Na unadhani aliwatafuta nani kwanza? Wale wale watano! Aliwakuta Sarnath, akawafundisha njia ya katikati, isiyo ya anasa wala ya kujitesa.

Alitembea akifundisha kwa miaka 45. Rahula naye akawa mwanafunzi wake. Akiwa na miaka 80 alikula kwa mhunzi mmoja, Cunda, akaugua vibaya. Kabla ya kukata roho huko Kusinara, alimwagiza Ananda ahakikishe kwamba hakuna atakayemlaumu mhunzi yule kwa chakula chake.