Jacques Cousteau

Jacques-Yves Cousteau (Saint-André-de-Cubzac, 11 Juni 1910 – Paris, 25 Juni 1997) alikuwa ofisa wa jeshi la majini, mpelelezi wa bahari, mwandishi na mtengenezaji wa filamu kutoka nchini Ufaransa. Pamoja na mhandisi Émile Gagnan alibuni kifaa kinachomwezesha mzamiaji kupumua chini ya maji bila kupelekewa hewa kutoka juu.

Maisha ya awali

Cousteau alikusudia kuwa rubani wa jeshi, lakini mwaka 1936 ajali ya gari ilimjeruhi vibaya mikono. Akiwa Toulon alianza kuogelea ili kurudisha nguvu zake. Ofisa mwenzake, Philippe Tailliez, alimpa miwani ya kuogelea, na tangu hapo bahari ikawa kazi ya maisha yake. Mwaka 1937 alimwoa Simone Melchior.

Kifaa cha kuzamia

Wakati huo wazamiaji wengi walivaa kofia nzito za chuma na kupata hewa kwa mpira. Yves Le Prieur alikuwa ameshatengeneza kifaa chenye mtungi, lakini hewa yake ilitoka mfululizo na kwisha upesi. Gagnan alikuwa na vali iliyotengenezwa kwa magari ya gesi, kutokana na uhaba wa petroli wakati wa vita. Vali hiyo ilirekebishwa ili itoe hewa pale tu mzamiaji anapovuta pumzi, kwa shinikizo linalolingana na la maji yanayomzunguka.

Mnamo Juni 1943 Cousteau aliingia baharini kutoka ufuko mdogo karibu na Bandol, kusini mwa Ufaransa. Simone aliogelea juu akimtazama, na Frédéric Dumas alibaki ufukoni tayari kumsaidia. Cousteau alijipindua kila upande, na hewa iliendelea kuja. Kisha aliingia katika pango la mwambani, akakuta darini kambakoche wengi, akawachukua baadhi na kumpelekea mkewe. Kifaa hicho kiliitwa Aqua-Lung.

Hatari

Tarehe 27 Agosti 1946 Cousteau na Dumas walizamia katika pango la chemchemi ya Vaucluse, wakafikia hatua ya kupoteza fahamu. Maurice Fargues aliwaokoa kwa kuvuta kamba. Baadaye iligunduliwa kwamba mashine ya kujaza mitungi ilikuwa imevuta moshi wake yenyewe, hivyo hewa ilikuwa na monoksidi ya kaboni. Mwaka uliofuata Fargues mwenyewe alifariki katika jaribio la kuzamia hadi mita 120.

Kazi za baadaye

Kuanzia mwaka 1951 Cousteau alisafiri kwa meli ya Calypso. Filamu yake Le Monde du silence, aliyoiongoza pamoja na Louis Malle, ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956. Mwaka 1960 alipinga mpango wa kutupa taka za nyuklia katika Bahari ya Mediteranea. Alizikwa katika mji alikozaliwa.