Al-Jaahidh na Mzoga wa Mkomazi

Sifa zote njema anastahiki Allaah, na Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Mfugaji wa Same alituuliza iwapo yafaa kutia sumu kwenye mzoga ili amuue fisi anayemmalizia mbuzi wake. Kabla ya jibu, tumtaje 'Amr bin Bahr, maarufu kwa jina la al-Jaahidh kwa ajili ya macho yake yaliyotokeza.

Alizaliwa Baswrah yapata mwaka 160 H (776 M), katika nyumba ya kimaskini. Babu yake, yasemekana, alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Ujanani aliuza mkate na samaki huku akifuata darsa misikitini, na usiku akikodi maduka ya wauza vitabu apate kusoma. Maandishi yake yalimpendeza Khalifa al-Ma-amuun, naye akahamia Baghdaad.

Kiitikadi alikuwa Mu'tazilah, na katika hilo hatumfuati. Lakini katika Kitaabul-Hayawaan, chenye juzuu saba, alitazama viumbe kwa makini. Aliona kwamba panya hutoka kutafuta riziki yake, na nyoka naye humtafuta panya. Kila mwindaji ana wa kumwinda. Wala hakudharau mdudu, kwani Allaah hakuumba kitu bure.

Mfugaji wetu anayaona hayo Mkomazi, chini ya milima ya Upare. Swala hula majani, simba humla swala, fisi na tumbusi humaliza mzoga. Kinachobaki pamoja na mavi huozeshwa na wadudu na vijidudu, kikawa rutuba, na mvua ikinyesha majani huota tena, nao mbuzi wakapata malisho.

Sumu haichagui. Itamuua fisi, na tumbusi, na hata mbwa wa jirani. Na atakayekula mizoga yao naye hufa. Kisha mizoga itaoza ovyo na kueneza maradhi.

Hivyo tunamjibu: kulinda mali yako ni haki yako, kwa boma imara la miiba, mbwa, na kuwaarifu askari wa wanyamapori. Sumu usitie, kwani ni kuwadhuru wasio na kosa.

Al-Jaahidh alipooza uzeeni, akarejea Baswrah na kufariki mwaka 255 H. Inasimuliwa kwamba vitabu vyake ndivyo vilivyomwangukia.

Wa Allaahu A'lam.