Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyegundua siri ya uvimbe wa taya

Mtoto akivimba shavu, mtaani jibu liko tayari: jino hilo. Mwaka 1957 huko Uganda, daktari mmoja hakukubali kuishia hapo, na watoto wengi wamepona kwa sababu yake.

Anaitwa Denis Burkitt. Alizaliwa Februari 28, 1911, Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia kwa ajali. Alianza kusoma uhandisi Dublin, akahamia udaktari, na jicho moja halikumzuia kuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alifika Uganda, akaanzia Lira, baadaye akahamia Mulago, Kampala.

Taya pande zote nne

Siku moja Mulago aliitwa kumtazama mvulana wa miaka 5. Taya zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto. Jino bovu halifanyi hivyo. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamuona msichana mwenye uso wa namna ileile, na tumboni pia ana uvimbe. Burkitt akaanza kupekua mafaili ya hospitali, akagundua kwamba watoto kama hao ni wengi. Mwaka 1958 akautangazia ulimwengu wa tiba.

Si kila uvimbe ni saratani

Hapa tuelewane. Kuna uvimbe wa mafuta chini ya ngozi ambao mtu anaishi nao miaka na miaka. Kuna pia hamatoma, jina lililotolewa mwaka 1904 na daktari Mjerumani, Eugen Albrecht. Hizo ni tishu zilezile za kawaida za sehemu hiyo ya mwili, ila zimekua shaghalabaghala. Hazisambai. Tatizo huja zikibana kiungo muhimu kama ubongo au moyo.

Saratani yenyewe huvamia majirani na kuhamia sehemu nyingine. Kwa macho tu, vyote ni uvimbe. Ndiyo maana daktari hukata kipande kidogo kikapimwa kwa hadubini. Ule wa Burkitt ulikuwa saratani.

Gari kuukuu, kilomita 16,000

Oktoba 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili walipanda Ford kuukuu, wakazunguka kwa wiki 10 mpaka Afrika Kusini na kurudi, Tanganyika ikiwemo. Kila hospitali swali ni moja: watoto wa hivi mnao? Jibu likachora ramani. Ugonjwa ulikuwa mwingi kwenye joto na mvua, nadra milimani kwenye baridi. Baadaye ikajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara inachangia.

Mwaka huohuo alitoa mhadhara London. Aliyekuwa akimsikiliza, Anthony Epstein, akaomba sampuli, zikawa zinatumwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona ndani yake kirusi kipya, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Uganda haikuwa na mashine ya mionzi, na kukata taya kulimwacha mtoto na kovu la maisha. Burkitt akajaribu dawa. Kwa baadhi ya watoto, dozi chache tu zilitosha uvimbe ukayeyuka.

Alifariki Machi 23, 1993, akiwa na miaka 82. Saratani hiyo bado inabeba jina lake, na bado inawapata watoto wa Tanzania.

Kwako mzazi

Uvimbe huu unaweza kukua maradufu ndani ya siku chache. Meno yakilegea bila sababu, jicho likitokeza, au tumbo likivimba, usisubiri kung'oa jino kwanza, wala usipoteze wiki kwa dawa za kupaka. Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili si mbali. Ukikutwa si saratani, utarudi nyumbani na amani. Ikiwa ni saratani, kuwahi ndiko kunakompa mtoto nafasi ya kupona.